Waliosimama Nyuma ya Ngoma

Chanika, Handeni
25 Januari 2025

Dada yangu Zamda,

Shikamoo, na assalamu alaikum. Mdogo wako Ukasha ni mzima, kifua tu ndicho kinanisumbua asubuhi, vumbi la huku unalijua. Nadhani wageni wa msiba wameshaondoka na nyumba imetulia. Najua kutulia huko ndiko kubaya. Nilipomzika Mwanaisha, Mungu amrehemu, sikulia siku ya mazishi. Nililia siku nilipopika chai nikamimina vikombe viwili. Mungu amrehemu na shemeji Ramadhan, na wewe akutie subira mpaka utoke eda.

Nimesikia simu umempa jirani akuwekee. Sawa kabisa. Hata tukipigiana tunaishia kulia, salio linakwisha, na hakuna kilichosemwa. Basi nitaandika. Habakuki, konda wa basi la huko, amekubali kuleta bahasha mpaka mlangoni. Ni mtu wa kanisani, ana maneno mengi, ila ni mwaminifu.

Nimerudi kazini. Nakuambia wewe, maana hapa watu wananicheka: siku hizi wachezaji siwapigi picha. Kila mtu ana simu. Ngoma ikianza mikono yote iko juu, bibi harusi ameshapigwa mpaka amechoka kabla mimi sijafungua mkoba wa kamera. Nikakaa nikaona, mbona hakuna anayegeuka nyuma? Basi mimi ndiye ninayegeuka. Nampiga anayenyonyesha huku bega linacheza. Nampiga mzee aliyekuja kulalamika makelele akajikuta anapiga makofi. Nazunguka nyuma ya nyumba, wapiga ngoma wanawamba ngozi kwa moto wa mabua, wanatukanana kidogo, wanagawana soda moja. Baada ya siku chache wenyewe wanakuja: "Ukasha, nasikia umenipiga nimeachama kama samaki. Hebu ilete niione." Wanacheka, wanaondoka nayo.

Nimekusafishia chache za ngoma ya selo iliyochezwa kwa Mzee Mdoe wakati anamwoza binti yake. Wengi unawajua. Yule aliyelala ameegemea spika ni Bi Maryamu, na usiniulize amewezaje. Nakutumia watu wakae na wewe.

Mdogo wako,
Ukasha


Manundu, Korogwe
9 Februari 2025

Ukasha mdogo wangu,

Waalaikumu salamu, na marahaba. Mimi sijambo kwa mwili. Miguu inauma kwa kukaa. Mvua hakuna, ila asubuhi naona mawingu yamekaa juu ya milima ya Lutindi, nasema labda leo, halafu hayashuki. Kifua chako chemshia tangawizi, usikisikilize tu.

Watu wako wamefika. Baada ya alasiri nawapanga kwenye mkeka mmoja mmoja, nawaamkia. Bi Maryamu nimemcheka peke yangu mpaka nikaona aibu, nikaenda kusoma istighfari. Jirani aliniletea mboga akanikuta, akasema, "Mama, unaongea na makaratasi?" Nikamwambia, "Hawa hawaniulizi marehemu aliumwa nini." Akaweka bakuli akaondoka.

Kofia yake bado iko kwenye msumari pale mlangoni. Watu wanasema niitoe sadaka. Nitaitoa. Si sasa.

Ukasha, nina neno, nalo nalizunguka tu. Unamjua Baba Husna alivyokuwa. Mtoto alipokwenda bomani na kijana wa Kimasai wakaandikisha ndoa, alisema jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Mimi bado nimo ndani ya nyumba hii, na sheria ya eda inaniweka humu. Kwa hiyo sitamtaja zaidi ya hapa, na hapa nimemtaja kwa sababu ndivyo baba yake alivyoitwa.

Ila ukipata kazi upande wa Mkata, piga na wale wanaosimama nyuma kabisa. Wa mbele wana watu wa kuwatazama.

Dada yako,
Zamda


Chanika
26 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, tangawizi imesaidia. Bi Maryamu amesikia kwamba picha yake imesafiri hadi Korogwe. Amesema nikimpiga tena amelala atanishitaki kwa mjumbe, halafu akaniuliza kama wewe uliipenda.

Mwezi wa Ramadhani unaingia, ngoma zinafungwa, na kamera nitaitundika mpaka Idd. Ndiyo maana nakutumia bahasha nene. Kazi ya mwisho ilikuwa harusi ya Wamasai, mbele ya Mkata, ndani huko kwenye mbuga. Kijana mmoja wao alikuja mwenyewe dukani kunichukua kwa pikipiki. Mkimya. Njia nzima alisema maneno mawili, "Shika vizuri."

Dada, wale wanaruka! Vijana wanapanda juu kama wamesahau kurudi, na mbele yao msitu wa simu. Mimi nikageuka kama kawaida yangu. Utawaona: wazee kwenye vigoda wanawasimanga vijana kwamba siku hizi hawaruki, wanadonoa tu. Utamwona mama wa bibi harusi amesimama peke yake kwenye mlango wa zizi, watu wote wamempa mgongo.

Jambo moja lilinishangaza. Ng'ombe wao walishawachinja wenyewe tangu asubuhi. Kumbe walikuwa wamemfunga mbuzi mmoja pembeni, wananisubiri mimi. Mama mwenye boma akaniambia, "Wewe mtu wa msikiti, weka picha chini, njoo chinja." Nikachinja kwa bismillahi, nikanawa, nikarudi kwenye kazi yangu.

Nyuma ya nyumba akina mama waliokuwa wakiimba walikuwa wanapumzika, wamevua shanga zile nzito, wengine wametia miguu kwenye mabeseni ya maji. Nikapiga. Mmoja alisema, "Uso wangu usiupige." Sikuupiga uso. Picha ya beseni lake nilisita kuitia kwenye bahasha, kisha nikaitia. Usiniulize, dada.

Ramadhani njema. Niombee wakati wa kufuturu, maana nafuturu na redio.

Ukasha


Manundu
19 Machi 2025

Ukasha,

Waalaikumu salamu. Bahasha yako imefika jana. Habakuki anasema basi liliharibika, likalala gereji, na bahasha ililala chini ya kiti. Ameomba radhi mara nyingi kuliko kosa lenyewe. Nimemsamehe, mwezi ni mtukufu.

Nakuandikia kabla ya kufuturu.

Hiyo ni miguu ya Husna. Kovu lile juu ya kidole gumba cha kushoto ni la mafuta ya maandazi, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaanga, nilimpaka asali nikambeba mpaka zahanati. Ungenipa miguu ya wanawake wote wa Handeni ningelitambua kovu hilo.

Tena naona ulichokipiga wewe mwenyewe hukukiona. Utaonaje, mwanamume uliyekaa peke yako miaka yote hiyo! Itazame tena picha yako. Vifundo vya miguu havipo, vimezama. Ngozi imevutika inang'aa. Ile siyo miguu ya kuchoka ngoma, ngoma haivimbishi hivyo. Mwanangu ana mimba, na imekwishakuwa kubwa.

Na yule mbuzi. Nimemfikiria siku nzima. Watu wenye ng'ombe wao na visu vyao, mbuzi mmoja pembeni anasubiri Mwislamu. Walikuwa wanamlisha nani, Ukasha?

Nimelia kwa furaha, kisha nikakasirika. Baba yake amekufa na hata mazishi hakuja. Walikuja wa Muheza, walikuja wa Lushoto, mtu na mkewe ambao siwajui walikuja wakasema walisafiri naye kwenye basi siku moja. Yeye hakuja. Hilo nimeshindwa kulimeza, na futari hailishushi.

Unajua alipo. Tangu lini unajua?

Zamda


Chanika
6 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Idd imepita salama, nimeswali, nimekula pilau kwa Mzee Mdoe, nimerudi nyumbani kabla watoto wao hawajaanza kucheza. Sikupenda kukaa.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini. Ni kweli, sauti yake niliitambua siku ile ya harusi, mimba sikuiona. Nimeitoa ile picha nikaitazama upya, na hata sasa naona beseni tu na miguu. Mungu amewapa nyinyi macho mengine.

Siku ya pili ya Idd nilikwenda. Yule kijana wa pikipiki ndiye mume wake mwenyewe, Leboo. Husna alikuwa amekaa kivulini anachagua maharage, na tumbo lake, dada, ni wewe mtupu ulipokuwa na mimba yake, limekwenda mbele kama linatangulia safari. Alinishika mkono akaamkia, "Shikamoo mjomba." Nikamwambia, "Mama yako ameiona miguu yako." Akaitazama, akaivuta ndani ya kanga kama vile bado unaiona.

Mama mkwe wake, Nkasiogi, ndiye yule mwenye boma. Alikuja na chai ya maziwa akasimama juu yangu. "Wewe mzee wa picha," akasema, "unapiga migongo ya watu tu. Mbele huoni? Mimi nimekuita kuchinja, nikasema sasa ataelewa. Hakuelewa!"

"Nimechelewa kidogo, mama," nikamwambia.

"Umechelewa sana. Huyu hali nyama ya kisu chetu. Kila tukitaka ale, mume wangu anatafuta mtu wa msikiti, barabarani huko. Siku nyingine mbuzi anazeeka amefungwa."

Husna alicheka akajiziba mdomo. Baadaye niliona kitambaa cha kuswalia kimekunjwa juu ya mto wake.

Nilimwambia aje kwako ajifungulie, kama ilivyo desturi ya mimba ya kwanza. Akasema, "Nyumba ile baba aliniambia nisiikanyage. Kufa kwake hakukunifungulia mlango."

Hilo la mazishi, dada, usilimeze na wala usilitapike. Liache mdomoni kidogo. Kuna jambo niliombwa nisiseme, nikakubali, na aliyeniomba hajaniachia.

Ukasha


Manundu
20 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Waalaikumu salamu. Mvua zimeanza huku, uani kumejaa tope, na mimi nalitazama tu, sina pa kwenda. Jirani wa simu alikuja kuniuliza kama naitaka. Nikasema bado.

Nimekaa na maneno yako siku nyingi. Nimeswali istikhara. Sitakuficha, Ukasha, ile ndoa moyo wangu bado haujaikubali. Dini yangu naijua na mwanangu namjua, na vyote viwili vimo ndani yangu vimenuniana, hakuna kinachotoka. Lakini kitambaa kile juu ya mto nimekiona kama uliniletea picha yake.

Akijifungua kabla sijatoka eda sitaweza kumfikia. Hapo ndipo usingizi unaponikatikia. Mimi nilikandwa na mama yetu, na mama alikandwa na mama yake. Nani atamkanda Husna? Sasa sikiliza, na uwasomee kama nilivyoandika, usipunguze kwa kuona haya.

Maji yachemke, kisha yapoe mpaka kiwiko kiweze kuvumilia, si kiganja, kiganja kinadanganya. Kitambaa kizito. Waanze kiunoni, washuke, wasimkande tumbo kwa nguvu. Asubuhi na jioni. Wakimaliza wamfunge tumbo kwa kanga, kifundo kikae ubavuni kisimchome. Uji wa pilipili manga, mwembamba. Atasema hautaki, atasema unawasha. Wampe hivyo hivyo. Akilia bila sababu wasimwulize sababu. Wakae naye tu.

Mtoto asomewe adhana sikioni. Mjomba yupo, na mjomba ni wewe.

Hilo uliloniambia niliache mdomoni nimeliacha. Linaniuma meno.

Usitume picha nyingine kwa sasa. Watu wako nimewarudisha kwenye bahasha. Hawana lao jipya la kuniambia.

Zamda


Chanika
8 Mei 2025

Dada Zamda,

Shikamoo, na hongera. Umepata mjukuu wa kike. Husna ni mzima, alijifungulia zahanati, wakarudi nyumbani siku ya pili. Adhana nimemsomea mwenyewe. Sauti ilinikatika katikati nikaanza upya. Mtoto alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha.

Barua yako nimewasomea wote, nimesimama nje ya mlango, wao ndani. Nilipofika kwenye kiwiko Nkasiogi akapaza sauti, "Mwambie mama yake, hata kwetu maji ya moto yapo!" Halafu, "Soma tena hapo pa kiwiko." Nikasoma tena. Uji wa pilipili manga umepikwa, na Husna amesema unawasha, na amepewa hivyo hivyo. Kondoo wa uzazi, desturi yao, nimemchinja mimi.

Usiku ule wa uchungu sikuwepo, niliambiwa. Lakini niliwakuta asubuhi yake nje ya zahanati, nikapiga moja, na nimeisafisha. Najua ulisema nisitume. Hii ni ya wanaosubiri. Aliyeinama, mikono kichwani, shuka limemwanguka begani na hana habari, ndiye Leboo. Mtoto sikumpiga. Niliinua kamera, Husna akanitazama, nikaishusha.

Sasa lile. Nilipokuwa naaga, Husna alisema, "Mjomba, mwambie mama. Nimekuachia."

Dada, mazishi alikuja. Jeneza lilipotolewa nje nyote mlikuwa mnalitazama. Mimi nikageuka nyuma, mazoea ya kazi tu. Ng'ambo ya barabara, penye mashine ya kusaga, alisimama mtu amejifunika shuka la Kimasai mpaka puani. Nilimjua kwa kusimama kwake, uzito wote mguu mmoja. Akaweka kidole mdomoni. Alikaa pale mpaka wanaume tulipoondoka kwenda makaburini, na niliporudi hakuwepo. Aliambiwa asiikanyage nyumba, hakuikanyaga. Alimtii baba yake mpaka mwisho, dada. Ndivyo alivyotii. Sikuwa na kamera siku ile, na ningekuwa nayo nisingepiga.

Nikamwuliza, "Nimwambie nini kingine mama?" Akafikiri sana. Akasema, "Muulize, maji ya kisima cha huku yana chumvi. Yanafaa kumwogesha mtoto?"

Ni hilo tu alilosema. Nilisubiri kama kuna jingine, hakuna. Nimerudi Chanika na mvua, nimekaa dukani na picha za watu ukutani, wote wanatazama kitu ambacho hakimo kwenye picha. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Ukasha


Manundu
17 Mei 2025

Ukasha mdogo wangu,

Waalaikumu salamu. Barua hii ni fupi, Habakuki anasubiri mlangoni, na leo ameacha hata maneno yake.

Husna. Husna. Husna. Nimelitaja ndani ya nyumba, kwa sauti, nimesimama mbele ya kofia. Haikuanguka. Nimeishusha mimi mwenyewe, nimempa mtoto wa jirani anayekwenda madrasa, imemziba masikio.

Mashine ya kusaga naiona kutoka hapa nilipokaa. Miezi yote hii nilikuwa naitazama.

Yule kijana, alivyoinama hivyo, Baba Husna aliinama vivyo hivyo nje ya hospitali Husna alipozaliwa. Sisemi zaidi. Moyo bado una kazi yake. Ila picha yake sijairudisha kwenye bahasha.

Jumatatu natoka eda. Akina mama wanataka kuniandalia sinia na dua. Nimewaambia dua tusome mapema, sinia wale wao, mimi nina safari. Habakuki ameniwekea kiti cha dirishani. Nina pilipili manga, asali, na kanga mbili mpya. Nije nikukute Handeni, unipeleke.

Mwambie Husna swali lake la maji silijibu kwa barua. Nitakuja niyaonje mwenyewe.

Na wewe. Nimezitoa picha zako zote jana nikazipitia, Chanika mpaka Mkata. Watu wamejaa, hata mbwa wapo. Wewe humo hata mara moja. Nani atakumbuka kwamba ulikuwepo? Kamera iache dukani, Ukasha, ufunge mlango. Nitakapombeba yule mtoto nataka ukae kwenye mkeka pamoja nasi, utazame mbele.

Dada yako,
Zamda